Ulimi Kunyamaza si Akili Kuondoka

Hivi karibuni vijana wawili walifika mbele ya kamati ya msikiti wetu wakiwa na swali zito. Dada yao amechumbiwa, na baba yao, tangu apatwe na kiharusi, hatamki ila neno moja: "haya". Je, uwalii umehamia kwa ami yao, maadamu mzee "akili zimemtoka"?

Tulikwenda kumjulia hali. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Katika mazungumzo tukataja mahari kimakosa kuwa laki tatu. Mzee akatikisa kichwa, akainua vidole vitano vya mkono wa kushoto. Laki tano! Ndivyo walivyokubaliana.

Ubongo una pande mbili zilizounganishwa na nyuzi zipatazo milioni 200. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa watu walio wengi, kazi ya kutunga maneno ipo zaidi upande wa kushoto. Ndiyo maana kupooza kulia na kupotewa na maneno mara nyingi hufuatana.

Jambo hili lilidhihirika mjini Paris mwaka 1861. Tabibu Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka "tan" tu, ilhali akifahamu mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza hali iliyo kinyume: jeraha la nyuma zaidi, upande huo huo, humfanya mtu aseme kwa wepesi maneno yasiyo na maana, na asifahamu vyema anayoambiwa.

Aliyejeruhiwa upande wa kulia, kwa upande wake, huweza kusema vizuri, lakini akala nusu ya sahani na kuacha chakula cha kushoto kana kwamba hakipo. Kwa hiyo, ufasaha si kipimo cha akili, wala ukimya si dalili ya kuikosa. Wapo wanaoshindwa kuomba maji, lakini wakaimudu Fatiha waliyoizoea tangu utotoni.

Daktari anayemtibu mzee alithibitisha kwamba ufahamu wake ni timamu. Imamu naye akabainisha kuwa ishara ya asiyeweza kusema, ikifahamika, hushika nafasi ya maneno. Uwalii ukabaki mahali pake.

Enyi wenye wazazi katika hali hii, msiwajadili mbele yao kana kwamba hawapo. Waulizeni maswali ya ndiyo au hapana, kisha subirini jibu. Na mkiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yamekwama, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Siku ya ndoa, mzee alimwelekezea nduguye kidole, akasema, "Haya." Ami akaozesha, akiwa wakili wa walii aliye hai na mwenye akili zake.