Je, Wajua? Theluthi ya Farasi Ndani ya Gurudumu

Ukitoka Takaungu alfajiri kuelekea barabara kuu, utapishana na baiskeli nyeusi zilizobebeshwa kuliko punda: kasha la samaki kwenye keria, mitungi ya maji pande zote mbili, madafu yaliyofungwa kwa kamba mpaka mwenye baiskeli mwenyewe haonekani. Siku hizi wenye baiskeli hizo wana swali jipya. Je, Black Mamba hii hii niitie mota, au nijikusuru ninunue baiskeli ya umeme iliyokamilika? Nimelifuatilia swali hilo kwa miezi, na kila nilipochimba niliibuka na jambo la kushangaza. Haya ndiyo niliyoyapenda zaidi.

Baiskeli ya umeme ni kongwe kuliko reli ya Mombasa

Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani aitwaye Ogden Bolton, wa mji wa Canton katika jimbo la Ohio, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma na betri ya volti 10 katikati ya fremu. Reli ya kwenda Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka uliofuata! Na Takaungu wakati huo? Ilikuwa katikati ya vita. Liwali Salim bin Khamis wa ukoo wa Mazrui alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, kampuni ya Waingereza ikamtawaza mwanawe Rashid, binamu yake Mbaruk bin Rashid akakataa, na moto ukaenea pwani mpaka 1896. Huku watu wakipigania kiti, ng'ambo ya bahari mtu alikuwa akichora gurudumu linalojizungusha lenyewe. Mota nyingi zinazouzwa leo kwa ajili ya kugeuza baiskeli za kawaida zinakaa pale pale alipoiweka Bolton: ndani ya gurudumu.

Mota ya wati 250 ni sawa na watu watatu

Mtu mwenye afya akikanyaga pedali kwa mwendo anaoweza kuuvumilia kutwa nzima hutoa wati kama 75. Mota ndogo ya baiskeli, ile inayoruhusiwa Ulaya bila leseni, hutoa wati 250, yaani theluthi ya nguvu ya farasi mmoja. Ni kama vijana watatu waliojikunja ndani ya gurudumu, wanakanyaga pamoja nawe wala hawaombi chai.

Nusu uniti hupiga pasi nusu saa, au huenda Kilifi na kurudi

Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 hubeba umeme wa nusu uniti. Umeme huo ndio unaotumiwa na pasi ya wati 1,000 kwa dakika thelathini: mashati matano, pengine na kanzu moja. Kwa bei za tokeni za nyumbani haifiki shilingi 20. Lakini uuweke kwenye baiskeli yenye mzigo, usaidiane nao kwa miguu, na utaondoka Takaungu, ufike Kilifi, urudi, na bado betri ina kitu.

Kuna hesabu nyingine iliyoniacha mdomo wazi. Ukitaka nishati hiyo hiyo kwa petroli, utajaza kikombe kimoja tu cha kahawa chungu, kile kidogo kisicho na mkono. Mwulize mwenye pikipiki kikombe hicho kitamfikisha wapi. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kama joto, wakati mota ya umeme huipeleka karibu yote kwenye gurudumu, na baiskeli yenyewe ni nyepesi mara tano au zaidi.

Vifaa vyote vya umeme ni vyepesi kuliko mtungi wa maji

Mota, betri, kontrola na nyaya, vyote pamoja, vina uzito wa kilo saba hivi. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20. Baiskeli iliyozoea kubeba mitungi minne haitahisi uzito mpya. Kitakachohisi ni mapaja yako, na yatashukuru.

Inchi 28 si inchi 28

Hapa ndipo wengi hupotelea pesa, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Black Mamba ina tairi la inchi 28. Ukiagiza gurudumu la mota lililoandikwa inchi 28, una haki ya kudhani litaingia. Lakini rimu ya baiskeli yetu ya kizamani, yenye ukoo wa Uingereza, ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokalia, na rimu ya mota iliyoandikwa inchi 28 kwa kawaida ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13, upana wa kidole kidogo. Tairi lako la zamani halikai juu yake, na raba za breki, zile zinazovutwa na vyuma badala ya waya, zinabaki hewani bila kugusa rimu.

Basi mtu husema: nitanunua mota peke yake, fundi aisuke kwa spoki kwenye rimu yangu. Wazo zuri, ila lina mtego wake. Baiskeli hizi kwa desturi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Mota nyingi zina matundu 36. Haziingii mbele wala nyuma! Fundi hodari ataitafuta rimu ya matundu 36, aibadilishe na breki, na mambo yatakwenda. Kwa hiyo kabla hujatoa senti, pindua baiskeli, hesabu spoki moja moja, kisha soma namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Ukiona 635, mwambie muuzaji kabla hajafunga kifurushi.

Ekseli hutaka kuzunguka badala ya gurudumu

Katika baiskeli ya kawaida ekseli imetulia tu. Mota ikiwa ndani ya gurudumu, kila inaposukuma gurudumu mbele husukuma ekseli nyuma kwa nguvu ile ile, na ekseli ikishinda nati, hutafuna mahali inaposhikwa, ikakata nyaya zake yenyewe, na gurudumu la mbele linaweza kuchomoka ukiwa mbioni. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachoibana ekseli na kuishikiza kwenye fremu, kazi ya robo saa kwa fundi wa kuchomelea. Na hapa Black Mamba ina fahari yake: ni chuma kitupu. Chuma huinama kabla hakijakatika, na hukubali kuchomelewa kando ya barabara. Fremu nyingi za baiskeli mpya ni za alumini, nyepesi na za kupendeza, lakini zikipasuka si kila fundi atazishika.

Kasi ikiwa maradufu, breki hufanya kazi mara nne

Si mara mbili. Mara nne. Baiskeli iliyozoea kwenda kilomita 12 kwa saa ikipata mota na kufikia 24, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza ili kusimama huongezeka mara nne, na mvua ikinyesha raba juu ya chuma hushika vibaya. Kama kuna jambo moja ninaloliona zito kuliko yote katika kugeuza baiskeli, ni hili. Baiskeli ya umeme iliyokamilika huja na breki zilizopimwa kwa kasi yake, na hapo inastahili bei yake. Anayegeuza ya zamani anunue breki kwanza, mota baadaye. Kama anayekaa kwenye keria ni mtoto wako, mimi ningenunua iliyokamilika.

Walianza na Land Rover za utalii

Kampuni ya Roam ya Nairobi, inayounda pikipiki za umeme, ilianza mwaka 2017 ikiitwa Opibus, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya safari, zikiwemo Land Rover, na kutia mota za umeme. Wanyama walipata utulivu na watalii wakasikia ndege. Baadaye ikageukia kuunda pikipiki yake kutoka mwanzo, na mwaka 2022 ikabadili jina. Kwa hiyo hata wakubwa wamepita njia mbili zile zile anazozipima mchuuzi wa Takaungu, na walianza na ile ya kugeuza.

Boda boda ya kwanza ilikuwa na pedali

Neno hilo lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Pikipiki zilikuja kurithi jina tu. Na gurudumu limezunguka likarudi: huko huko Uganda, shirika la FABIO la Jinja na wenzake wa Ujerumani wameleta baiskeli ya umeme ya mizigo iitwayo AfricroozE, iliyofikiriwa tangu mwanzo kwa barabara za vumbi, na nyingine zimevuta hata wagonjwa. Ni baiskeli iliyokamilika, lakini iliyoundwa na watu waliowahi kuona jinsi gunia linavyofungwa.

Chukudu haina mota, haina hata pedali

Goma, mashariki mwa Kongo, watu husafirisha viazi, mkaa na mbao kwa chukudu, baiskeli ya mbao yenye magurudumu ya mbao, ikibeba mamia ya kilo. Mtambo wake ni mlima: mzigo huteremka wenyewe kutoka vilimani. Mji umeiheshimu kwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Pwani yetu haina milima ya kutupa msaada huo.

Mvuke wa Naivasha husukuma samaki wa Takaungu

Zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, ambao mitambo ya Olkaria, kule Naivasha, imekuwa ikiuvuna tangu 1981. Na karibu zaidi na nyumbani, Langobaya kule Malindi, mitambo ya jua ya megawati 40 ilianza kazi Desemba 2021. Chomeka chaja mchana, na huenda sehemu ya safari yako imetoka kwenye jua lile lile linalokuchoma kichwani.

Betri huchukia jua kuliko inavyochukia kazi

Betri ya lithiamu inayotumika kila siku kwa kiasi huishi miaka. Ile ile ikijazwa pomoni na kuachwa juani huzeeka upesi, hata kama haijaenda popote. Banda la makuti, lenye kivuli na upepo, ni gereji bora kuliko kibanda cha mabati. Chumvi ya bahari nayo hupaka viungo vya shaba kutu ya kijani, basi vipanguse, uvikaushe.

Tena usicheze na betri isiyojulikana asili yake. Mwaka 2023 jiji la New York lilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Betri zilizopasuka, zilizounganishwa ovyo, na chaja zisizo zake ni miongoni mwa hatari kubwa. Betri pia ndiyo inayokula karibu nusu ya bei ya vifaa vya kugeuzia, na hapo ndipo kishawishi cha rahisi hukaa. Ila kuna upande wa pili: baiskeli nyingi zilizokamilika hukubali betri ya kampuni yake tu. Ikifa, na kampuni imeshafunga duka, una baiskeli nzito isiyo na mwenyewe. Iliyogeuzwa hukubali betri yoyote nzuri yenye volti sawa. Kwa mtu wa mizigo, mwenye Black Mamba imara na fundi anayemwamini, hoja hiyo ndiyo iliyonivuta upande wa kugeuza.

Upepo wa mbele hutoza mara nne

Ukiendesha kilomita 20 kwa saa na hewa imetulia, hewa inakupiga kwa kasi hiyo. Upepo wa mbele wa kilomita 20 ukianza, sasa inakupiga kwa 40, na kizuizi chake ni mara nne, bila kuhesabu kasha la samaki lililopanuka nyuma yako kama tanga. Kilifi iko kaskazini ya Takaungu. Kwa hiyo katika miezi ya kusi, kati ya Aprili na Septemba, unakwenda ukisukumwa na kurudi ukipigana. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, mambo hugeuka. Manahodha wa pwani hii walipanga safari za mwaka mzima kwa hesabu hiyo hiyo. Mwenye mota naye apange: msimu wa kusi, afike Kilifi na betri bado imejaa zaidi ya nusu, kwa sababu ya kurudi italiwa na upepo.