Hesabu za TBL zinasema nini kuhusu Balimi?

KWA mwanahisa mdogo wa Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) aliyeko Mwanza, ripoti ya hesabu za mwaka ina kasoro moja: bia anayoiona mezani kila siku, Balimi, haina mstari wake.

Bia hiyo, ambayo jina lake humaanisha wakulima katika lugha za Kanda ya Ziwa, ilijengewa soko hasa kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, na kwa miaka mingi ilidhamini mashindano ya mitumbwi. TBL, ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, ina kiwanda jijini humo.

Hata hivyo, hesabu zake hutenganisha biashara ya bia na ile ya mvinyo na vinywaji vikali kama Konyagi. Ndani ya fungu la bia, Balimi huchanganywa na Safari, Kilimanjaro na Castle.

Kisheria hilo si kosa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004, huitaka kampuni ieleze mafungu ambayo uongozi wake huyatumia kugawa rasilimali. Havilazimishi kutaja kila chapa, kwani taarifa hizo zingemnufaisha pia mshindani.

Tatizo hilo halipo Tanzania pekee. Kampuni ya Marekani ya vinyago, Hasbro, iliunda mwaka 2021 kitengo kinachojumuisha Wizards of the Coast na michezo ya kidijiti. Kwa mwaka 2022 ilitangaza kuwa mchezo wake wa karata, Magic: The Gathering, ulivuka mapato ya dola bilioni moja.

Mwenye hisa za TBL naye anaweza kutafuta dalili, na ya kwanza ni ushuru wa bidhaa. Kwa kuwa ushuru wa bia hutozwa kwa lita na si kwa bei, pale jumla yake inapotajwa hudokeza wingi wa bia iliyouzwa. Katika bajeti ya 2016/17, kwa mfano, kiwango cha bia ya kimea kilipandishwa kutoka Sh729 hadi Sh765 kwa lita. Kwa kiwango hicho, ushuru wa Sh76.5 bilioni ungekuwa na maana ya lita milioni 100.

Hesabu hiyo huwa na dosari iwapo kampuni inauza pia bia ya nafaka za ndani zisizo kimea, ambayo mwaka huo ilitozwa Sh450 tu.

Dalili ya pili ni maelezo ya mitambo. Fedha zinapoelekezwa kupanua kiwanda cha Mwanza, ni ishara kwamba uongozi unatarajia mauzo zaidi Kanda ya Ziwa, ingawa kiwanda kimoja huweza kutengeneza chapa zaidi ya moja.

Ya tatu ni maneno ya mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji katika kurasa za mwanzo. Chapa iliyosifiwa mwaka mmoja na kunyamaziwa mwaka unaofuata inastahili kuulizwa.

Kinachopaswa kuepukwa ni kupima Balimi kwa gawio. Gawio hulipwa kutokana na faida ya kampuni nzima. Linaweza kupanda kwa sababu ya Konyagi au kupungua kwa gharama, huku bia ya kanda ikidorora. Vivyo hivyo, baa kukosa Balimi kwa wiki mbili si ushahidi wa anguko. Huenda ni usafirishaji tu.

Mwanahisa anayeuza hisa zake kwa tetesi za aina hiyo hupoteza fedha kwa jambo ambalo hesabu hazikulisema. Njia iliyo wazi zaidi ni mkutano mkuu wa mwaka, ambako hata mwenye hisa chache ana haki ya kusimama na kuuliza.