Uzingatifu wa Kibudha (2): Mhasibu na Mgonjwa wa Kipandauso

Juma lililopita tuliliacha neno sati, yaani uzingatifu, mikononi mwa watawa. Katika Kipali, lugha ya maandiko yao, asili yake ni kukumbuka: mtu ajikumbuke yuko wapi na anafanya nini. Wazee wa pwani wanaohimiza kuhudhurisha moyo katika sala hawatalionea ugeni, ingawa njia ni mbali na mbali.

Leo twende Burma. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay na kumwondoa mfalme, mlezi wa dini. Mtawa Ledi Sayadaw, akihofia dini isife, akawafundisha raia taamuli iliyokuwa karibu mali ya watawa peke yao. Elimu hiyo ikamfikia U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali nchi ilipopata uhuru mwaka 1948. Naam, mhasibu! Aliwafundisha makarani wake, kisha mwaka 1952 akafungua kituo Rangoon.

Mwaka 1955 akabishiwa hodi na mfanyabiashara S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay mwenye asili ya Kihindi, aliyeteswa na kipandauso hadi akawa anachomwa sindano za mofini. Mhasibu hakumpokea. Alimwambia kwamba kuijia njia hii kwa ajili ya kichwa tu ni kuishusha thamani. Aje kusafisha moyo, maumivu yakiondoka ni ziada. Goenka akaenda kuwaza, miezi ikapita, akarudi. Mwaka 1969 aliipeleka njia hiyo India, na kozi zake za siku 10 huanza kwa ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutosema uongo, kujizuia na tendo la ndoa, kutotumia vileo. Zoezi la kuzingatia pumzi hufuata baadaye.

Mwaka 1979, kule Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alifanya kinyume: aliwaita wagonjwa wenyewe, hasa wa maumivu sugu, kwa mafunzo ya uzingatifu ya wiki kadhaa yasiyodai imani wala ahadi. Zoezi lake mashuhuri ni kula zabibu kavu moja, polepole. Simlaumu, anayeumwa hanyimwi nafuu.

Lakini mafunzo ya namna hiyo yalipopelekwa kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 Uingereza, matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha faida kuliko masomo yao ya kawaida. Wengi hata mazoezi ya nyumbani hawakuyafanya. Sishangai: hakuna aliyewauliza mlangoni wamekuja kutafuta nini.

Juma lijalo tutamfuata mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, hadi Ufaransa.