Meza ya Chuma Iliyookoa Watu Usiku

Ni jambo la kawaida watu wa nyumba moja kukusanyika mezani wakala. Lakini ni nadra kusikia kwamba walilala chini ya meza hiyo hiyo, nyumba ikawaporomokea usiku, nao wakatoka wazima. Mambo haya yalitokea Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili, nasi twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wakubwa kwa wadogo.

Mapema mwaka 1939, kabla ya vita kuanza, Serikali ya huko ilianza kugawa vibanda vya mabati vilivyoitwa Anderson, kwa jina la Sir John Anderson, aliyesimamia ulinzi wa raia. Kibanda hicho kilifukiwa nusu yake bustanini, kisha kikafunikwa udongo. Kiliwafaa wengi, walakini kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, wakazi wengi wa mijini hawakuwa na bustani hata ya kupanda mche mmoja. Pili, mvua iliponyesha maji yaliingia ndani, tena baridi ilikuwa kali. Basi tangu tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Kijerumani zilipoipiga London usiku baada ya usiku, wengi waliona afadhali wabaki nyumbani mwao kuliko kukesha topeni.

Swali likawa: mtu asiyetaka kutoka nyumbani atalindwaje humo humo nyumbani?

Mhandisi John Baker ndiye aliyelipatia jibu. Hakutafuta chuma kizito kisichopinda kabisa. Alifikiri kinyume: chuma na kipinde kidogo, ili kule kupinda kwake kuimeze nguvu ya orofa inayoanguka, lakini kisipinde hata kikawafikia waliolala chini. Ni kama mnazi, ambao huinama katika tufani ukasalimika.

Mwezi wa Machi 1941 meza hiyo ikatolewa, ikaitwa Morrison, kwa jina la Waziri wa Mambo ya Ndani, Herbert Morrison. Urefu wake ulikuwa kama mita 2, upana mita 1.2, na kimo sentimita 75. Juu ilikuwa na bamba la chuma, na pande zote nne wavu wa waya. Ililetwa kwa vipande 359 pamoja na zana tatu, wenyewe wakaiunga chumbani. Mchana watu walilia chakula juu yake. Usiku walitandika godoro chini yake wakalala. Wenye pato dogo walipewa bure, na kufikia mwisho wa mwaka 1941 zilikuwa zimegawiwa zaidi ya 500,000.

Je, ilifaa? Wataalamu walichunguza nyumba 44 zilizoharibiwa vibaya, zenye meza hizo. Katika watu 136 waliokuwamo, 3 walikufa, 13 walijeruhiwa vibaya, na 120 waliokoka bila ya jeraha kubwa. Hao waliokufa nyumba yao ilipigwa na bomu lenyewe, na meza haikuundwa kwa pigo kama hilo.

Enyi vijana mpendao ufundi, lizingatieni jambo hili. Baker hakuwalaumu watu kwa kutotoka nyumbani. Alitazama jinsi walivyoishi, akaitengeneza kinga ikawafuata pale pale walipolala.