Shingo ya Pongo

Mzee wa Kisabaot niliyemkuta pembezoni mwa Endebess, karibu na Mlima Elgon, hakutaka habari za mahindi wala za siasa. Alitaka tuzungumze shingo ya pongo.

Pongo dume, alieleza, huzeeka shingoni. Manyoya hupukutika hapo mpaka ibaki alama kama ukosi, na mwili huzidi kuwa mweusi miaka ikisonga. Huyo ndiye wa mkuki. Babake alimfunza kungoja kichwa kitokeze kichakani: jike hana pembe, na asiye na pembe huachwa aende zake. Hasa mwenye kunyonyesha. Humficha mwanawe, akaenda kula mbali, na akirudi hula hata kinyesi cha huyo mtoto ili chui asinuse. Ukimwua mama umeua wawili, na wa pili hujui alipolala. Kwa bongo, mnyama wa jamii ya pongo, pembe hazikusaidii, maana hata jike anazo. Hapo kijana alinyamaza, mkubwa wake akaamua.

Elimu hiyo leo ni jinai. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya 2013 ikaweka faini isiyopungua shilingi 30,000 au jela isiyopungua miezi sita hata kwa anayetafuta kitoweo tu. Mkuki uliongoja na waya unaonasa chochote vimewekwa kapu moja. Ni kweli, hakimu atapimaje subira?

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, subira ya namna hiyo inalipiwa kwa dola. Simba anayeruhusiwa kuwindwa na watalii ni dume aliyetimiza miaka sita, na umri husomwa puani: weusi huongezeka anavyozeeka, kama walivyoonyesha watafiti Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao mwaka 2004. Tofauti na mzee wetu ni leseni.

Nako Kenya, marufuku yenyewe haikutosha. Mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walikuta kwamba wanyama wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Siilaumu sheria kwa hilo. Mifugo, mashamba na ujangili vina sehemu yao. Lakini kuisifu nako nashindwa.

Nilimuuliza mzee kama msitu wa Elgon, uliobanwa hivi na mashamba, ungestahimili hata mikuki ya wenye subira. Alikiri kwamba enzi zao hakuna aliyehesabu pongo. Walijua wamezidisha pale mawindo ya asubuhi yalipoanza kuwalaza porini, nao wakahamia bonde jingine. Sasa wangehamia lipi, hakusema.