Naivasha Hadi Nakuru kwa Baiskeli: Panga Mizigo, Panga na Pesa

Kutoka Nairobi hadi jiji la Nakuru ni kama kilomita 160. Ukiwa na baiskeli iliyobeba hema, nguo na sufuria, safari hiyo ni vyema uigawe mara mbili: siku ya kwanza ulale Naivasha, ya pili umalizie kilomita kama 70 zilizobaki. Leo tuiangalie hiyo siku ya pili. Miguu imechoka, na simu yako ndiyo pochi, ramani na tochi. Ikizima au ikipotea, utafanyaje?

Kabla ya kutoka

Mzigo wa baiskeli hupakiwa kwa usawa. Kushoto kulingane na kulia, na vitu vizito vikae chini, la sivyo baiskeli itayumba kila lori likikupita. Pesa nazo zigawe hivyo hivyo. Tuseme bajeti yako ya siku ni shilingi 2,000. Weka 1,200 kwenye simu, 500 za noti ndogo na sarafu mfukoni, na 300 uzifiche ndani kabisa ya begi. Beba kitambulisho, kwa sababu wakala atakiitisha ukitaka kutoa pesa. Halafu andika kwenye karatasi namba ya mtu mmoja wa nyumbani. Wengi wetu hatujui namba ya mtu yeyote kichwani siku hizi!

Barabarani

Toka asubuhi na mapema, jua halijawaka na magari hayajawa mengi. Hii ni barabara kuu ya malori yanayoelekea Uganda, kwa hivyo vaa rifleksta na ukae pembeni. Ukienda kilomita 14 kwa saa, hizo 70 ni saa tano za kukanyaga pedali, bila kuhesabu mapumziko.

Barabara inapanda kuelekea Gilgil. Hapo ndipo utasimama kunywa chai na mandazi. Kwa vitu vidogo kama hivi, lipa kwa sarafu au kwa till. Ukimtumia kila muuzaji pesa kwa namba yake ya simu, ada za kutuma zinaweza kula bajeti pole pole.

Baada ya Gilgil kuna Kikopey, na harufu ya nyama choma itakuita. Ukilipa kwa till, usiangalie kiasi pekee. Soma pia jina linalotokea kwenye skrini, umuulize mhudumu kama ndilo lenyewe. Umbali mfupi kutoka hapo, upande wako wa kushoto, Ziwa Elementaita linaonekana bondeni. Ni moja ya maziwa matatu ya Bonde la Ufa yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Piga picha, kisha zima data na upunguze mwanga wa skrini. Ramani ikiwaka mchana kutwa inamaliza chaji, na chaji ikiisha, pesa zako zipo lakini huwezi kuzigusa.

Ukifika Nakuru

Hapa ndipo uwe macho zaidi. Una njaa, una jasho, unataka tu kulipia chumba ulale. Mtu aliyechoka hubonyeza haraka. Kaa chini kwanza, kunywa maji, ndipo ulipe. Namba, jina, kiasi. PIN ije mwisho.

Na je, simu ikilia mtu aseme, "Boss, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie"? Usimtumie chochote. Angalia salio lako mwenyewe, maana ujumbe feki huandikwa kama ule wa kweli. Hata ukikuta pesa ziliingia kweli, mwambie apigie huduma kwa wateja, zirudishwe kwa njia rasmi. Ukikosea wewe kutuma, piga huduma kwa wateja papo hapo kabla pesa hazijatolewa.

Fanya hivi leo jioni

Hata kama safari ni ya mwezi ujao, weka PIN kwenye laini yako ya simu, si kwenye skrini pekee. Mwizi akiichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, itamwitisha hiyo PIN kwanza. Badilisha ile PIN ya kiwandani, na usiiandike kwenye karatasi ya namba ya nyumbani.

Safari njema, na usisahau pampu!