Jina Moja, Viti Vitatu

Mzee mmoja alikuja kwa basi kutoka Sumbawanga kuniuliza swali moja. Wakati huo nilikuwa na dawati katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti, kisha akatoa kwenye bahasha ya kaki nakala za vyeti vya mwanawe, kila moja na muhuri wa wakili. Alizipanga mezani taratibu kama anayepanga karata za ushindi.

"Mwanangu ana pointi tisa," alisema. "Mwongozo unataka nne. Sasa amekosaje?"

"Mzee wangu, sifa anazo. Iliyokosekana ni nafasi."

Hakuridhika, wala sikumlaumu. Lugha yetu wenyewe wa ofisini imewachanganya watu. Tunatangaza sifa za kujiunga kwa herufi kubwa, halafu tunawashangaa wanaodhani kwamba mwenye sifa amekwishajiunga.

Hiyo nne ya mzee inatoka kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Mwongozo huo hutaja programu za kila chuo, sifa zake na idadi ya nafasi zilizoidhinishwa. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kima cha chini ni kufaulu masomo mawili yanayohusiana na programu, jumla isipungue pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha mlangoni. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao, kwa sababu miaka hiyo ilikuwa na B+ katikati, hivyo C ikashuka hadi pointi 2. C mbili za 2014 zina uzito wa D mbili za 2016. Karani asiyetazama mwaka wa cheti huweza kumgawia mtu pointi ambazo hajawahi kuzipata, na hilo nimeliona. Anayetokea stashahada hupimwa kwa wastani wake, kwa kawaida usiopungua 3.0, na huku kwetu tulimpanga kwenye foleni yake, maana wastani wa stashahada na pointi za kidato cha sita havipimwi kwa mizani moja.

Foleni ndiyo habari yenyewe. Pointi 4 zinakuruhusu kuipanga tu. Tuseme programu ina nafasi 50, walioomba ni 400, na kati yao 310 wana sifa. Hao 310 wanapangwa kuanzia mwenye pointi nyingi kushuka chini, na mstari unapigwa chini ya jina la hamsini. Wa hamsini na wa hamsini na moja wakilingana, tunatazama alama ya somo linalobeba programu, halafu matokeo ya kidato cha nne. Ile "pointi ya mwisho" ambayo watu huiulizia kila Julai haipangwi na mtu yeyote. Ni pointi za huyo wa hamsini, basi. Mwaka huu ikiwa saba, mwakani inaweza kuwa kumi kwa sababu tu kundi la walioomba limebadilika. Anayekuambia mwezi wa saba kwamba pointi ya mwisho ya sheria mwaka huu ni fulani anakupa ya mwaka jana.

Kuna swali ambalo hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza, na ndilo ningeuliza mimi kama ningekuwa na mtoto anayeomba. Chaguo la pili la mwombaji linashughulikiwaje?

Njia mojawapo ni kujaza kwanza machaguo ya kwanza ya watu wote. Zikibaki nafasi, ndipo wanaingizwa walioiweka programu hiyo ya pili. Inasikika kama haki. Lakini mchukue binti mwenye pointi 12 aliyeweka udaktari wa kwanza na ufamasia wa pili. Udaktari ukimkosa, anageukia ufamasia na kukuta umekwishajaa watu wa pointi nane waliouweka wa kwanza. Ameadhibiwa kwa kuwa na ndoto kubwa. Njia ya pili ni kumchukua mwombaji mmoja mmoja kuanzia wa juu kabisa na kumpa cha kwanza kwenye orodha yake ambacho bado kina nafasi. Hapo binti yetu anapata ufamasia bila kugusana na wa pointi nane. Njia hizo mbili hutoa orodha tofauti kabisa za majina kutoka kwa waombaji wale wale, na mwombaji hana namna ya kujua ipi imetumika isipokuwa chuo kikimwambia. Kwa maoni yangu vyuo vilipaswa kuandika jambo hilo ukurasa wa kwanza wa tangazo la kuomba, juu ya namba ya malipo.

Sasa fikiria vyuo vikiwa vingi, kila kimoja na foleni yake, na mwombaji yule yule akiwa amesimama kwenye foleni tatu. Hesabu hii iliwashughulisha wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, ambao mwaka 1962 walichapisha makala fupi kuhusu udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa. Wazo lao ukilieleza barazani linaeleweka. Kila chuo kinatoa nafasi kwa kinaowataka zaidi. Mwanafunzi aliyepewa mbili au tatu anashika moja anayoipenda na kuziachia nyingine, tena bila kufunga ndoa: anaishika kwa muda tu. Vyuo vilivyoachiwa vinawageukia wanaofuata kwenye foleni. Wakipewa, nao wanashika na kuachia. Mzunguko unaendelea mpaka pasiwe na chuo chenye kiti kitupu na mtu wa kumpa. Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyelichukua wazo hilo na kulitumia kuwapangia watoto shule na madaktari wapya hospitali.

Ninaitaja hesabu yao kwa sababu hicho ndicho tunachokifanya Tanzania kila Agosti na Septemba, ila tunakifanya kwa ujumbe wa simu.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1961 chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, hapakuhitajika mashine ya kuwapanga. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 alama pekee hazikutosha: kijana alitakiwa kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, afanye kazi, kisha aletewe mapendekezo mazuri ya mwajiri na ya chama. Wanawake waliokuwa wakiingia chuoni walipungua mno, ikabidi wao walegezewe masharti. Vyuo vilipoongezeka kila kimoja kikawa kinapokea maombi na kuchagua kivyake, majina yanatoka gazetini, na mwenye divisheni wani anajikuta kwenye kurasa tatu. Alikwenda kimoja. Viti vyake viwili vilikaa vitupu mpaka Novemba, na hakuna aliyejua ni vya nani.

Dawa ilikuja mwaka 2010, ulipoanza mfumo wa udahili wa pamoja chini ya TCU. Mwombaji alijaza machaguo yake mahali pamoja na mfumo ukampa nafasi moja tu. Kushika na kuachia kote kuliishia ndani ya mashine. Lakini vyuo vililalamika kwamba vinapelekewa wanafunzi ambao havikuwachagua, na wanafunzi wakalalamika kwamba wamepelekwa wasikokutaka. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 maombi yakarudi moja kwa moja vyuoni, na TCU ikabaki na kazi ya kukusanya orodha za vyuo vyote, kuzilinganisha na kuidhinisha.

Kinachounganisha orodha hizo ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Orodha za vyuo zikiwekwa pamoja, namba ikionekana mara moja tu, mwenye nayo amekwishapata chuo. Ikionekana mara mbili au zaidi, jina lake linatangazwa miongoni mwa waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja, naye anatakiwa kuthibitisha anakokwenda kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwenye simu au barua pepe aliyoombea. Dirisha likifungwa, viti alivyoviachia vinarudi vyuoni, na awamu ya pili inafunguliwa. Ni Gale na Shapley watupu, isipokuwa wao walidhani mizunguko itaendelea mpaka kazi iishe. Yetu inakatwa na kalenda. Awamu zikiwa mbili au tatu, masomo yameshakaribia, na kiti ambacho hakijampata mwenyewe kinabaki kitupu huku pembeni kuna mwenye sifa asiye na chuo.

Sababu ya huyo kubaki bila chuo, mara nyingi, ni simu.

Watoto wengi hawaombi chuo nyumbani. Wanakwenda steshenari. Kijana wa pale ana kompyuta, printa na foleni ya watu ishirini, na ili asikwame anajaza barua pepe yake mwenyewe na wakati mwingine namba yake ya simu. Anabuni nywila anayoijua yeye. Mwezi mmoja baadaye namba ya siri inaingia kwenye simu ya steshenari, katikati ya mamia ya nyingine, na mwenyewe yuko Kibondo anasubiri. Wengine wako kambini kwa mujibu wa sheria. Kidato cha sita wanapelekwa JKT mara baada ya mtihani, matokeo yanatoka Julai wakiwa kwenye gwaride, na simu huko haishikwi utakavyo. Anayeombewa chuo na kaka yake huja kuwa na chuo cha kaka yake. Nimewahi kumhudumia binti aliyeniambia, bila kinyongo, "Mimi nilitaka ualimu, ila anko alithibitisha uhasibu." Kuna njia ya kufuta uthibitisho na kuthibitisha kwingine dirisha likiwa wazi. Anko hakuijua.

Na kila foleni ina ada yake ya maombi. Mtoto wa mwenye uwezo anasimama kwenye foleni tano, wa mkulima kwenye moja. Katika mfumo wa 2010 wote walikuwa na orodha moja. Sisemi turudi kule, maana nakumbuka pia wanafunzi waliofika getini wakiwa na barua ya chuo ambacho hawakuwahi kukisikia, lakini tulipoutupa ule mfumo tulitupa na kilichokuwa kizuri ndani yake.

Wakenya hawakuutupa. Bodi yao ya pamoja ya zamani, JAB, ilipangia vyuo vya umma kwa kuhesabu vitanda vya mabweni, hivyo wengi wenye C+, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu, wakakosa udhamini wa serikali kwa kukosa pa kulala. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaleta huduma ya pamoja ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS. Mwanafunzi anaorodhesha machaguo sehemu moja, pointi zake zinakokotolewa upya kwa masomo yanayohusiana na kila kozi, na anatoka na nafasi moja. Malalamiko yapo huko pia, ila la jina moja kwenye viti vitatu sijalisikia.

Huku kwetu, hata aliyepata kiti hajamaliza: mkopo ni ombi jingine, kwa Bodi ya Mikopo, lenye dirisha lake. Kinachowaponza watu huko ni kitu kidogo sana: namba ya kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akiomba chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, mashine zinamwona kama watu wawili, mmoja ana chuo na hana bumu, mwingine ana mkopo na hana chuo. Kuwaunganisha hao wawili huchukua wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo za usajili.

Mtoto wa yule mzee alikuwa ameomba kwetu programu moja tu, tena ile inayogombewa kuliko zote, na mstari ulipigwa kwenye pointi kumi. Nilimshauri mzee asirudi Sumbawanga kabla hajanionyesha ni nani anayeshika simu iliyotumika kuombea. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ya vitufe, imefungwa mpira wa manati. Tuliandika namba ya mwombaji na nywila nyuma ya bahasha ya kaki. Dirisha la uthibitisho lilipofungwa, orodha ilirudi kwetu ikiwa na mapengo zaidi ya kumi, na awamu ya pili mstari ukashuka, ukamfikia mwanawe.

Mzee alinipigia simu jioni ya siku majina yalipotoka. Alishukuru, akauliza afya yangu na ya watoto, kisha akataka kujua kiti hicho kilikuwa cha nani. Jina sikuweza kumtajia. Nilimwambia tu ni cha binti mmoja aliyethibitisha Morogoro.

Akanyamaza kidogo. "Huko amepata bweni?"